Kambale wa Bwawa la Pili

Kule Kwemsasu, kijiji kilicho kwenye mteremko chini ya msitu wa Amani, watu wakimtaja Zabron humtaja pamoja na Asheri, na jambo hilo lilimuudhi Zabron tangu ujana wake. Walizaliwa mwaka mmoja, wakabatizwa Jumapili moja, wakapata kipaimara kwa mchungaji yule yule. Ila Zabron ndiye aliyekuwa na nguvu zaidi, ndiye aliyeshika masomo upesi, ndiye aliyejua kuvuna hiliki bila kuumiza shina. Moyoni alikwisha kupanga kwamba wakiwa watu wazima yeye atatangulia na Asheri atafuata.

Walikuwa na miaka ishirini na mitano hivi dhahabu ilipoonekana kwenye kijito cha Luvisi. Watu walimiminika kutoka kila upande, na wale marafiki wawili wakachimba shimo lao bondeni, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. Waliponda mawe kwa nyundo, wakaosha mchanga kwenye karai, kisha wakamimina zebaki, yale madini ya majimaji yanayong'aa na kukimbiakimbia kiganjani. Zebaki ikikutana na dhahabu huishika isiiachie. Waliikanda kwa mikono mitupu, wakaikamua kwa kitambaa, na donge lililobaki wakalichoma kwenye kifuniko cha kopo mpaka zebaki ikapaa moshi na dhahabu ikabaki. Zebaki yenyewe waliletewa na mnunuzi kutoka mjini, katika chupa ndogo zilizokuwa nzito kuliko ukubwa wake. Hakuna aliyewaambia kwamba ina madhara, nao hawakuuliza.

Makubaliano yao yalikuwa mepesi: atakayebaki shimoni siku mwenzake hayupo, kitakachopatikana siku hiyo ni chake. Zabron mwenyewe ndiye aliyeyaweka, maana Asheri ndiye aliyependa kupumzika.

Siku moja Zabron aliteremka Muheza kutafuta unga. Mvua ikaharibu barabara, akalala huko siku mbili. Aliporudi alimkuta Asheri amekaa kwenye ukingo wa shimo, mikono magotini. Alikuwa amegonga jiwe lenye mshipa wa dhahabu, na lote lilikuwa lake kwa haki. Baada ya kuliuza, Asheri alimnunulia mwenzake baiskeli mpya. Zabron alishukuru. Wiki ile ile akampa shemeji yake, ndugu wa mkewe Imakulata aliyekuwa akiishi kwenye kambi ya wachuma chai, ili asiione tena.

Asheri alihamia Tanga, akapanga Chumbageni na kuanza biashara ya viungo. Zabron aliendelea kuchimba peke yake kwenye shimo lile lile, akiamini kwamba mshipa haujaisha. Hakupata hata punje ya kujivunia. Kisha askari wakaja kuwafukuza wachimbaji wote. Asubuhi ile Zabron alikuwa na chupa mbili za zebaki za yule mnunuzi, na kwa kuogopa kukutwa nazo alizifungua akazimwaga shimoni. Aliiona inateremka na kuzama kwenye tope. Akasukumia udongo kwa mguu, akakimbia.

Ikapita miaka kumi na miwili. Zabron alilima hiliki na ndizi, akapata binti mmoja, Precious, akamsomesha kwa shida. Asheri akarudi na mkewe Yudith, mwanamke mchangamfu wa Kibondei, akanunua bonde zima la Luvisi lililokuwa limeota magugu. Alitaka kufuga samaki. Kabla ya kuchimba, alimwita Zabron watembee pamoja.

"Wewe ndiye uliyebaki huku," Asheri alisema. "Unalijua bonde hili kuliko mtu yeyote. Unalionaje?"

Walikuwa wamesimama karibu na lile shimo la zamani, ambalo sasa lilikuwa dimbwi lenye manyasi. Zabron aliliangalia.

"Bonde zuri," alisema. "Lina maji mwaka mzima."

"Na hapa penye dimbwi? Naona pamekwisha chimbika, nitapunguza kazi."

"Hapo ndipo hasa."

Baadaye alijiambia kwamba hakudanganya. Mvua za miaka kumi na miwili zilikuwa zimenyesha, na zebaki bila shaka ilikwisha kwenda na maji zamani. Hayo aliyaamini nusu. Nusu ya pili aliijua vizuri vilevile: kama kuna balaa lililolala mahali pale, basi na limpate Asheri.

Asheri alichimba mabwawa matatu. La kwanza na la tatu aliweka perege. La pili, la katikati, lililokuwa na kina kirefu na tope jingi, aliweka kambale, nao wakanenepa kuliko wote. Nyumba ya Zabron ilitazamana na bonde. Kila asubuhi akifungua mlango alimwona Yudith akirusha chakula majini na maji yakichemka kwa samaki. Akina mama wa kijiji wakaanza kumwita Asheri "Baba Kambale". Wageni wakija kuhani msiba, walipikiwa samaki wa Asheri. Mchungaji akija, alikula kwa Asheri. Zabron akimsikia mwenzake anacheka kule bondeni, alihisi kana kwamba kicheko kile kilikuwa chake yeye na kimeibwa.

Nyumbani kwake aliweka marufuku.

"Samaki wa Asheri wasiingie humu ndani," alimwambia mkewe.

"Samaki wamekukosea nini, Baba Precious?"

"Wananuka tope."

Imakulata alimtazama, akaendelea kuchambua mchicha. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, na hapakuwa na haja ya kusema alichokiona usoni mwa mumewe.

Miaka ikaenda hivyo. Mwezi wa tano wa mwaka jana akaja kijijini mtafiti mmoja, dada wa Tanga mjini aitwaye Samiha, aliyetumwa kupima kilichobaki katika vijito tangu wakati wa dhahabu. Alihitaji mtu anayejua mashimo yalikuwa wapi. Mwenyekiti akampeleka kwa Zabron.

"Shikamoo, mzee Zabron."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Zabron aliipenda kazi ile. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ni yeye aliyeulizwa, na si Asheri. Alibeba sanduku la chupa za sampuli, akaongoza njia, akaonyesha mahali watu walipochimba na mahali walipochoma. Siku ya tatu, wakiwa wamekaa juu ya mawe ya Luvisi, aliuliza swali lililokuwa likimkereketa.

"Lakini ni miaka ishirini sasa. Mvua zote hizi. Hiyo zebaki si imekwisha kwenda?"

"Zebaki haiozi, mzee," Samiha alisema. "Iliyochomwa ilipaa na moshi, ikaanguka na mvua huko huko msituni au mbali zaidi. Iliyomwagika inazama kwenye tope, inakaa. Na kwenye tope la maji yaliyotulia kuna vijidudu vinavyoigeuza, inakuwa sumu inayoweza kuingia mwilini. Mnyoo anakula lile tope. Perege anamla mnyoo. Kambale anamla perege mdogo na kila kitu kilichoko chini. Kila anayemla mwenzake anabeba sumu ya wote aliowala."

"Na mtu akimla kambale?"

"Anaibeba yeye. Akila mara moja moja si neno kubwa. Akila kila wiki inajikusanya. Mbaya zaidi ni kwa mwenye mimba, maana inapita mpaka kwa mtoto na kugusa ubongo wake ukiwa bado unajengwa."

Kwa Zabron, ile nusu aliyokuwa akiiamini ilikuwa imekwisha pale pale. Kilichokuja mahali pake hakikuwa hofu, na baadaye aliliona hilo kuwa ndiyo aibu yake kubwa. Ilikuwa ni furaha. Mwaka ule wa dhahabu Asheri aliokota bahati yake bondeni, na sasa bonde lile lile lilikuwa mkononi mwa Zabron. Angeweza kulisema neno lile leo au kesho, wakati wowote apendao. Kila walipopita kando ya mabwawa, na Asheri akawapungia mkono, Zabron naye alipunga, akanyamaza.

Mwezi ule ule Precious alirudi nyumbani kutoka Muheza. Mimba yake ya kwanza, ya miezi mitatu, ilikuwa ikimsumbua, na mumewe, dereva wa lori, hakuwa akikaa nyumbani. Imakulata alisema heri aje alelewe na mama yake mpaka ajifungue. Zabron alimwambia binti yake siku ile ile kwamba samaki wa bwawani si wazuri.

"Si wazuri kivipi, baba?"

"Si wazuri tu. Usile."

Miezi mitatu ikapita, naye bado hajalitoa neno lile. Ikafika sikukuu ya mavuno. Watu walileta mahindi, kuku, hiliki na mdalasini mbele ya madhabahu, kisha wakatoka nje kwenye mnada. Zabron alileta mkungu wa ndizi, na ulikuwa mzuri. Asheri alileta beseni la kambale hai, wakarukaruka hata kumwagia maji mpiga mnada, na watu wakacheka na kushindana kuongeza bei. Mkungu wa Zabron ulipoinuliwa pakawa kimya. Asheri akanyoosha mkono, akaununua, akasema apewe bibi mmoja mjane aliyekaa nyuma. Bibi yule akashangilia jina la Asheri. Kabla ya kufunga, mchungaji akatangaza kwamba usharika umempendekeza Asheri awe mzee wa kanisa.

Zabron alirudi nyumbani kwa njia ya porini ili asimpongeze. Hakula. Asubuhi ya Jumatatu, hata kabla Samiha hajamaliza chai yake, alikuwa mlangoni.

"Pima mabwawa ya Asheri," alisema. "Hasa la pili."

"Kwa nini la pili?"

"Palikuwa na shimo la wachimbaji hapo."

"Ulijua siku zote hizi, mzee?"

"Nimekumbuka," alijibu Zabron.

Asheri alikubali bila kinyongo. Alimshikia Samiha ngazi, akamtolea perege na kambale wa kupima, akamfungia na wengine wa kula. Sampuli zilipelekwa Dar es Salaam. Mwezi wa kumi majibu yakarudi, na mwenyekiti akaitisha mkutano.

Samiha alisoma polepole. Maji ya Luvisi chini ya kijiji yalikuwa na kiasi kidogo, kisichotisha. Bwawa la kwanza na la tatu yalitia mashaka. Tope la bwawa la pili lilikuwa na zebaki nyingi kupita mahali pote alipopima, na kambale wake hawafai kuliwa na mtu. Mabwawa yafungwe. Yasikaushwe, maana maji na tope vikifunguliwa vitakwenda kijitoni na kwa watu wa chini.

Asheri alisimama katikati ya watu, kofia mkononi, akageuka huku na huku kama anayetafuta aliyemwita. Zabron alimtazama, akahisi kifua kimefunguka. Miaka ishirini alikuwa akingoja kumwona mtu yule akisimama hivyo.

Ndipo Samiha akasema angependa kuchukua nywele kidogo za wale waliokula kambale mara kwa mara, ili azipime. Akauliza ni akina nani. Yudith alijibu huku machozi yanamtoka.

"Ni mimi na mume wangu. Na bibi mjane wa kule juu. Na Precious. Huyo nilikuwa nampelekea kila Jumatano na Jumamosi tangu alipofika. Aliniambia ndicho chakula pekee kisichomtapisha."

Zabron alisikia jina la binti yake, lakini ilichukua muda mpaka likamwingia. Alimgeukia Imakulata, naye akainamisha kichwa.

Nyumbani hawakupiga kelele. Precious alikuwa amelala chumbani, na wao walikaa jikoni.

"Nilikukataza," Zabron alisema.

"Ulinikataza miaka minane. Ulisema wananuka tope. Nimekaa na wewe, Baba Precious, nimekuona unavyofunga mlango ukimwona Asheri. Nilijua ni wivu wako tu. Mtoto anatapika kila kitu, Yudith analeta chakula kwa moyo mmoja, nimnyime kwa sababu ya wivu wako? Kama ulijua kuna sumu, kwa nini hukusema sumu?"

Jambo moja la kweli alilowahi kusema Zabron juu ya Asheri, alikuwa amelichovya kwenye chuki kwa muda mrefu hata watu wa nyumbani mwake hawakuweza kuonja ukweli wake.

Nywele za Precious zilikatwa kisogoni, fungu dogo kama unene wa njiti ya kiberiti. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja Samiha alikuja mwenyewe kuleta majibu. Aliwaeleza kwamba unywele hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na kila mwezi huandika kilichoingia mwilini. Akawaonyesha mchoro wenye mstari.

"Huku kwenye ncha, alipokuwa Muheza, ni safi. Hapa ndipo alipofika kwenu, mstari unaanza kupanda. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, unazidi kupanda. Hapa, mwezi wa kumi, ndipo alipoacha."

"Na mtoto?" Imakulata aliuliza.

"Ameacha kula, na mwili utaipunguza kidogo kidogo. Kiasi hiki si kile kinachotupa watoto wasioona wala kutembea. Lakini siwezi kuwaambia kwamba hakina madhara. Itabidi tumfuatilie."

Zabron aliuangalia ule mstari. Mwezi wa tano Samiha alikuwa amemweleza kila kitu juu ya mawe ya Luvisi. Kila sehemu ya mstari iliyopanda baada ya hapo ilikuwa ni siku zake yeye, za kupunga mkono na kunyamaza.

Jioni ile Asheri alikuja. Hakukaribishwa, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Nimekuja kumwona mtoto wetu Precious," alisema. "Na nina swali. Samiha anasema ulimtajia bwawa la pili. Mashimo yalikuwa mengi bondeni. Kwa nini lile?"

"Ni shimo letu, Asheri. Hukulitambua?"

"Nililitambua. Lakini tulichokitumia sisi wawili kilikuwa kidogo. Samiha anasema kilichomo ni kingi mno."

Zabron alimwambia. Alimweleza asubuhi ya askari, chupa mbili, na udongo aliousukuma kwa mguu. Alimwambia pia kuhusu mwezi wa tano. Hakutafuta maneno mazuri.

Asheri aligeuka akalitazama bonde.

"Nilikuuliza," alisema mwishowe. "Tulisimama pale pale nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Kumwaga nakusamehe. Hata mimi ningemwaga, tulikuwa wajinga sote. Lakini kwa nini hukuniambia? Au mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu," Zabron alisema. Ilikuwa kweli, na kuisema kulimuumiza kuliko yote aliyokwisha kusema.

Asheri aliinuka, akaingia ndani kumwona Precious, akatoka bila kuaga.

Mtoto alizaliwa katikati ya mwezi ule, wa kike, mzito, mwenye sauti. Mabwawa yalifukiwa kwa udongo mfinyanzi na kuzungushiwa uzio, na wataalamu walisema pasilimwe wala kuchimbwa, na hawakutaja mwisho wa katazo hilo. Asheri alianza kupanda pilipili manga mlimani. Kijiji kilimsaidia. Wanaume walimfyekea shamba bila kuitwa, na akina mama waliokuwa wakila samaki wake walimpelekea Yudith unga na maharage. Usharika ukamchagua kuwa mzee wa kanisa vilevile. Zabron aliwaonyesha wataalamu mashimo mengine yote aliyoyajua, kumi na moja, na mawili kati yake yalikuwa kwenye shamba lake mwenyewe. Akang'oa ndizi zake pale. Watu walijua habari yake yote, kwa kuwa aliisimulia mwenyewe mkutanoni. Walimsalimia, wakapita.

Sasa mtoto ana miezi tisa. Anafuata mwanga kwa macho na kugeuka akiitwa. Alichelewa kidogo kukaa. Samiha hupiga simu kila baada ya wiki chache kuuliza ameanza nini, na husema watoto wengine huchelewa tu, na huenda wasijue lolote mpaka aanze shule. Zabron ndiye anayepokea simu hizo.

Jumapili, baada ya ibada, Yudith na Asheri huja. Asheri hamsemeshi sana Zabron, ila huja. Wiki iliyopita mtoto alikuwa akilia mikononi mwa babu yake, hanyamazi kwa wimbo wala kwa kutikiswa. Asheri alipoingia alinyoosha mikono, mtoto akamwendea, akanyamaza, akamshika ndevu akacheka.

Zabron alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, ameshapoteza heshima yake na nusu ya ndizi zake, na bado kitu kile kile kikamchoma mahali pale pale. Alikitambua. Hakujidanganya kwamba ni kingine.

"Kaa naye," alimwambia Asheri. "Kwako ananyamaza."

Akaenda nje kupasua kuni, na kule nje aliwasikia wakicheka.